Anita Görbicz na mizani ya medali

Tangu Anita Görbicz alipotundika viatu mwaka 2021, wapenzi wa mpira wa mikono hawajaacha kuvutana juu ya daraja lake. Kwamba alikuwa mchezaji mkubwa, hilo halina ubishi. Ubishi ni kama anastahili kukaa safu moja na Svetlana Kitić wa Yugoslavia na Anja Andersen wa Denmark, au abaki hatua moja nyuma yao. Wanaomrudisha nyuma wana hoja mbili. Ya kwanza, hakuwahi kuipatia Hungaria dhahabu ya Olimpiki, ya dunia wala ya Ulaya, na kwenye Olimpiki hakupata hata shaba. Ya pili, alicheza klabu moja tu, Győri ETO, tangu usichana wake hadi mwisho, na mataji yake makubwa yalikuja pale klabu hiyo ilipokwisha kujaza nyota kutoka Norwei, Brazili na Uholanzi.

Hoja hizi zina uzito na nitazipa haki yake. Ila naona wengi wanaozirudia wanapima kwa kipimo kisichotosha, na kwa sababu hiyo sehemu bora kabisa ya kazi ya mwanamke huyu, ile miaka 6 ya mwisho, wanaipita kama vile haikuwepo.

Rekodi yenyewe inajulikana, hivyo niitaje kwa ufupi. Alizaliwa Veszprém mwaka 1983. Timu ya taifa: mechi 232, mabao 1111, yaani karibu mabao 5 kila alipoingia uwanjani. Fedha ya dunia mwaka 2003, shaba ya dunia mwaka 2005, shaba ya Ulaya mwaka 2004 na tena mwaka 2012. Mchezaji bora wa dunia wa mwaka 2005. Akiwa na Győr, ubingwa wa Hungaria mara 13 na Ligi ya Mabingwa ya Ulaya mara 5: 2013, 2014, 2017, 2018 na 2019. Katika ligi hiyo ya Ulaya alivuka mabao 1000.

Tuanze na timu ya taifa, maana hapo wakosoaji wana nguvu zaidi. Kizazi kilichomtangulia kilikuwa kimeshafika juu. Mwaka 2000 Hungaria ilicheza fainali ya Olimpiki Sydney, ikafungwa na Denmark 31–27, na miezi michache baadaye ikatwaa ubingwa wa Ulaya. Görbicz aliingia katika nyumba yenye heshima hiyo. Mwaka 2003, akiwa na miaka 20, alikuwa kwenye fainali ya dunia nchini Kroatia dhidi ya Ufaransa. Hungaria iliongoza kwa mabao 7 kipindi cha pili. Ufaransa ikarudi bao kwa bao, ikasawazisha kwa penalti ya mita 7 mwisho kabisa wa mchezo, kisha ikamaliza kazi katika muda wa nyongeza, 32–29. Mwaka 2008 Beijing, Hungaria ilifika nusu fainali ikafungwa na Urusi 22–20, halafu ikapoteza mechi ya shaba kwa Korea Kusini 33–28. Baada ya hapo Hungaria haikufuzu Olimpiki ya London 2012 wala ya Rio 2016. Mchezaji bora wa nchi hiyo alikuwa na miaka 29 mashindano ya London yalipochezwa, na aliyatazama akiwa nje.

Hilo ni pengo la kweli, na sidhani kuna maelezo yanayoweza kuliziba lote. Nyota anayetajwa kuwa mmoja wa bora wa nyakati zote anatazamiwa kuibeba timu yake hata ikiwa dhaifu, angalau mara moja, hadi kwenye kitu kinachoonekana. Kitić alipata dhahabu ya Olimpiki Los Angeles mwaka 1984. Andersen aliipata Atlanta mwaka 1996. Görbicz alikuwa na nafasi mbili tu za Olimpiki na zote mbili ziliisha bila medali.

Lakini angalia Hungaria ile ilikuwa na nini mkononi. Bojana Radulovics, aliyekuwa injini ya timu ya mwaka 2003 na mchezaji bora wa dunia mwaka huohuo, hakudumu muda mrefu baada ya hapo. Anita Kulcsár, pivoti (mshambuliaji anayesimama katikati ya walinzi kwenye mstari wa mita 6) aliyetangazwa bora wa dunia wa mwaka 2004, alifariki kwa ajali ya gari Januari 2005. Ni msiba uliochukua mtu aliyekuwa katikati ya kazi yake, na kwa upande wa mchezo uliondoa mlengwa wa kwanza wa kila pasi fupi ambayo mpangaji wa timu anaitafuta. Mwaka huohuo wa 2005 Görbicz aliiongoza Hungaria kupata shaba ya dunia nchini Urusi na kuchukua tuzo ya mchezaji bora. Watu huitaja tuzo hiyo kama mwanzo mzuri usiofuatwa na kitu. Mimi naiona kama mwaka mgumu kuliko yote aliyoichezea taifa.

Upande wa pili wa uwanja nao uhesabiwe. Kati ya 2004 na 2016 Norwei ilitwaa ubingwa wa Ulaya mara 6, ubingwa wa dunia mara 2 na dhahabu ya Olimpiki mara 2. Hakuna taifa lililocheza katika dirisha hilo likaondoka bila majeraha, na Hungaria yenye watu milioni 10 haikuwa na benchi la kulingana na la Norwei.

Kuna pia sababu ya kiufundi inayoeleza kwa nini Görbicz wa Győr alionekana mkubwa kuliko Görbicz wa Hungaria. Mpangaji mchezo anasimama katikati, nyuma ya mstari wa mita 9, na kazi yake ni kuwavuta walinzi wawili wamfuate yeye kisha autoe mpira kwa aliyeachwa huru. Timu pinzani ikiona kwamba mshambuliaji wa kushoto na wa kulia hawapigi mashuti ya kutisha kutoka mita 9, inafanya jambo rahisi: inamtoa mlinzi mmoja kwenye ukuta na kumkabidhi mpangaji, amfuate hatua kwa hatua, mbali na mpira. Wanabaki 5 dhidi ya 5. Pasi zinaenda pembeni bila kuleta hatari, refa anainua mkono kuonya kwamba timu inachelewesha mchezo, na shuti linapigwa kwa kulazimishwa. Hungaria ilifanyiwa hivyo mara nyingi. Győr haikuweza kufanyiwa hivyo, kwa sababu upande wa kushoto alisimama Eduarda Amorim wa Brazili. Ukimtoa mlinzi mmoja kumfuata Görbicz, umemwachia Amorim nafasi ya mita 2 au 3 ya kukimbilia, na kipa anaachwa peke yake. Görbicz alikuwa yuleyule. Kilichobadilika ni gharama ya kumkaba.

Hapo wakosoaji hujibu: basi mmekubali kwamba mataji yake ni ya Amorim na wenzake. Nitafika huko. Kwanza nataka tuziangalie fainali, kwa sababu hoja nzima ya medali imesimama juu yake, na naona haziangaliwi kwa makini.

Győr ya Görbicz ilifika fainali ya Ligi ya Mabingwa mara 8. Mwaka 2009 ilikutana na Viborg ya Denmark: ilishinda nyumbani 26–24, ikafungwa ugenini 26–23, jumla 50–49 kwa Viborg. Mwaka 2012 ilikutana na Budućnost ya Montenegro: 29–27 nyumbani, 25–27 Podgorica, jumla 54–54, na kombe likaenda Podgorica kwa kanuni ya mabao ya ugenini. Mwaka 2013 ilishinda dhidi ya Larvik ya Norwei. Mwaka 2014 iliifunga Budućnost 27–21 mjini Budapest. Mwaka 2016 ilifungwa na CSM București baada ya muda wa nyongeza na penalti za mita 7. Mwaka 2017 iliifunga Vardar 31–30 katika muda wa nyongeza. Mwaka 2018 Vardar tena, 27–26, muda wa nyongeza tena. Mwaka 2019 Rostov-Don, 25–24.

Zisome tena polepole. Fainali 6 kati ya 8 ziliamuliwa kwa bao moja, au kwa kanuni ya ugenini, au kwa penalti. Bao moja zaidi Podgorica mwaka 2012, la 26, lingefanya jumla kuwa 55–54 na Győr ingekuwa bingwa mwaka mmoja mapema. Bao moja zaidi Viborg mwaka 2009 lingeleta sare kamili, maana kila timu ingekuwa imefunga 26 nyumbani na 24 ugenini. Kwa upande mwingine, mpira mmoja uliogonga mwamba mwaka 2017 na mwingine mwaka 2018 ungepeleka mechi zote mbili kwenye penalti, palepale Győr ilipopotelea mwaka 2016. Mikono ileile, mazoezi yaleyale, na Görbicz angeweza kumaliza na makombe 7 au na makombe 2.

Anayemshusha kwa sababu ya dhahabu alizokosa, na anayempandisha kwa sababu ya makombe 5, wote wawili wanahesabu mpira wa mwisho wa mechi ya mwisho. Nakubali kwamba timu kubwa hufika kwenye mpira huo mara nyingi kuliko nyingine. Ndiyo maana kufika fainali 8 ndani ya misimu 11 kunaniambia mengi kuliko idadi ya vikombe kabatini. Fainali ya dunia ya mwaka 2003 siwezi kuitetea kwa hesabu hiyo, kwa sababu uongozi wa mabao 7 haupotei kwa mpira mmoja. Pale timu nzima ilishindwa kupunguza kasi, Görbicz akiwemo.

Sasa hoja ya pesa. Győr ni mji wa kiwanda cha Audi, na jina la Audi limo katika jina la klabu. Mwaka 2011 serikali ya Hungaria ilianzisha utaratibu wa kodi unaoruhusu makampuni kuelekeza sehemu ya kodi yao ya mapato kwa michezo ya timu, mpira wa mikono ukiwa mmojawapo. Mwaka 2014 ukumbi mpya, Audi Aréna, ulifunguliwa. Amorim alikuja mwaka 2009, kipa Katrine Lunde mwaka 2010, pivoti Heidi Løke mwaka 2011, na baada yao Nycke Groot, Kari Aalvik Grimsbø, Nora Mørk na Stine Oftedal. Taji la kwanza la Ulaya lilikuja mwaka 2013, klabu ikiwa na kocha Mhispania Ambros Martín. Mpangilio wa miaka hiyo unawapa wakosoaji ushahidi mzuri: wageni kwanza, makombe baadaye. Linganisha na Oltchim ya Romania, klabu iliyokuwa kwenye ngazi hiyohiyo, ambayo iliporomoka kifedha mwaka 2013 na wachezaji wake wakatawanyika. Aliyebaki Győr hakuwahi kuamka asubuhi na kukuta klabu yake haipo.

Nakubali pia kwamba kuna jambo ambalo Görbicz hakuwahi kupimwa nalo. Hakuwahi kujifunza mfumo wa klabu nyingine katika nchi nyingine, wala kucheza msimu mzima wa ligi ya Denmark ambako timu ya nafasi ya 8 inaweza kukutoa jasho. Ligi ya Hungaria, ukiiondoa Ferencváros ya Budapest, ilimpa majira ya baridi mepesi. Cristina Neagu wa Romania, anayelinganishwa naye mara nyingi zaidi, alichukua Ligi ya Mabingwa nje ya nchi yake, na Budućnost mwaka 2015, na akachaguliwa bora wa dunia mara 4. Baadaye alimpita Görbicz hata kwa mabao ya Ligi ya Mabingwa. Anayesema Neagu ni mfungaji mkubwa zaidi, sina la kumpinga. Nitaongeza tu kwamba Neagu naye alistaafu bila dhahabu ya taifa na bila medali ya Olimpiki, na sijasikia wakimrudisha nyuma kwa sababu hiyo kama wanavyomrudisha Görbicz.

Ila kuna tofauti kati ya mchezaji aliyebebwa na wageni na mchezaji ambaye wageni walikuja kuchezea mpira wake. Angalia tuzo za dunia. Løke alikuwa mchezaji bora wa mwaka 2011, Andrea Lekić wa mwaka 2013, Amorim wa mwaka 2014. Wote watatu walivaa jezi ya Győr katika miaka hiyo, ingawa Lekić aliondoka kwenda Vardar katikati ya mwaka 2013, na Løke alikuwa ameshachukua Ligi ya Mabingwa na Larvik kabla hajafika. Hawakufika Győr wakiwa wanafunzi. Lakini pivoti kama Løke anaishi kwa pasi. Anasimama amewapa mgongo walinzi kwenye mstari wa mita 6, anasukumwa, anavutwa jezi, na anahitaji mpira umfikie katika nusu sekunde ambayo mkono wake mmoja uko huru.

Hapa ndipo inafaa kutazama kwa karibu alivyokuwa akifanya. Görbicz alikuwa na urefu wa takribani sentimita 175. Kwa mchezaji wa nyuma hiyo si faida; walinzi wa kati wa Norwei na Urusi walikuwa warefu kuliko yeye na mikono yao ilifunika eneo lote la juu. Hakuweza kuutegemea usiku mzima mruko na shuti la juu kutoka mita 9. Kwa hiyo alianza mbio zake mbali, mita 11 au 12 kutoka golini, na kuupokea mpira akiwa tayari kwenye kasi. Hilo ndilo la kwanza ambalo wapangaji wengi hukosea: wanapokea wakiwa wamesimama, wanadunda mpira mara moja ili kuanza, na mdundo huo mmoja unampa mlinzi muda wa kutoka na kuwakamata. Aliyepokea akiwa kwenye mwendo bado ana hatua zake 3 zote.

Hatua ya kwanza alielekea katikati ya walinzi wawili, hatua ya pili alimwelekezea bega mmoja wao, na mkono wa kupigia ulikuwa umeshapanda. Mlinzi akiuona mkono uko juu anainua yake kuzuia shuti. Mikono ikipanda, ubavu unabaki wazi. Pasi ya Görbicz ilishuka palepale, mdundo mmoja kando ya nyonga ya mlinzi, ukamwinukia pivoti kifuani. Ikiwa mlinzi hakuinua mikono, shuti lilitoka kweli, mara nyingi chini ya kwapa au usawa wa nyonga, kabla kipa hajaona mpira umetokea upande gani. Pasi hii inashindikana kwa sababu mbili kuu. Ikitolewa mapema, mlinzi bado ana mikono chini na anaikata. Ikitolewa juu badala ya chini, pivoti anaipokea akiwa amenyoosha mwili na anaangushwa kabla ya kugeuka. Mwenzake wa kati anayeweza kungoja hadi hatua ya tatu bila kupoteza ujasiri ndiye anayemfanya pivoti aonekane hawezi kuzuiwa.

Udhaifu wake ulikuwa kwenye ulinzi, na wanaoutaja wako sahihi. Katika ukuta wa 6–0, yaani walinzi wote 6 wakiwa safu moja mbele ya mstari wa mita 6, hakuweza kusimama katikati dhidi ya pivoti mwenye nguvu. Timu iliyo na mchezaji wa namna hiyo ina njia mbili: imsogeze pembeni amkabe winga, au imtoe kila inapopoteza mpira na kumwingiza mtaalamu wa ulinzi. Njia ya pili ina gharama. Mchezaji anatoka na mwingine anaingia ndani ya eneo la mita 4.5 kando ya mstari wa kati, upande wa benchi lake, na katika sekunde hizo mpinzani mwenye mbio anapata mashambulizi ya watu 6 dhidi ya 5. Makocha wake walilipa gharama hiyo mwaka baada ya mwaka. Hakuna anayekubali kulipa hivyo kwa ajili ya jina tu.

Nifike sasa kwenye miaka ambayo kwangu ndiyo kiini cha suala hili. Mwanzoni mwa 2015 Görbicz alijifungua mtoto wa kiume. Kiangazi cha mwaka huohuo Győr ilimsajili Nycke Groot wa Uholanzi, mpangaji mchezo, ambaye Desemba mwaka huo aliifikisha Uholanzi fainali ya dunia. Mwaka 2017 ikamleta Stine Oftedal wa Norwei, naye mpangaji mchezo, ambaye kabla mwaka haujaisha alikuwa ametajwa mchezaji bora wa mashindano ya dunia. Kwa maneno mengine, klabu iliyojengwa kumzunguka ilinunua watu wawili bora duniani kwa nafasi yake yeye. Ndiyo kazi ya pesa ya Győr ambayo wakosoaji hawaitaji. Pesa hizo hazikumwekea mto chini ya kichwa. Zilimletea wapinzani mazoezini, wadogo wake kwa miaka 5 na 8.

Mchezaji wa miaka 32 mwenye jina lake angepata mkataba popote, Romania, Denmark au Urusi, na angekuwa wa kwanza huko. Yeye alibaki, akarudi uwanjani, na taratibu akahamia winga ya kushoto, akiingia katikati pale kocha alipohitaji kubadilisha mwendo wa mchezo, na akiendelea kupiga penalti za mita 7.

Wasioujua mchezo wanaweza kuliona jambo hilo dogo. Winga ni kazi nyingine kabisa. Mpangaji anagusa mpira katika karibu kila shambulizi. Winga anaweza kukaa dakika 10 kwenye kona bila kuugusa, halafu anatakiwa kufunga mara moja, kutoka pembe finyu, akiwa baridi. Kwa anayetumia mkono wa kulia, kushoto ndiko kunakofaa, kwa sababu akiruka kuelekea ndani mkono wake unafungukia goli. Anaanzia konani kabisa, anapokea akikimbia, anakanyaga mara ya mwisho nje ya mstari wa mita 6, kisha anaruka kuelekea upande wa alama ya mita 7, kila sentimita ya hewani ikimwongezea pembe. Kosa la kawaida ni kuruka sambamba na mstari wa goli: pembe inakufa, kipa anafunika nguzo ya karibu kwa mwili mzima. Kosa la pili ni kupiga mapema kwa hofu ya kutua. Görbicz alileta pale kitu ambacho mawinga wa kuzaliwa hawana sana, yaani subira ya mpangaji. Alimngoja kipa aamue, kisha akauzungusha mpira kwa kifundo cha mkono ukadunda na kupinda nyuma ya mguu wa kipa, au akauvusha juu ya kichwa chake.

Penalti nazo ziliendana na tabia hiyo. Mpigaji ana sekunde 3 baada ya filimbi, mguu wa mbele haupaswi kuinuka wala kugusa mstari, na kipa anaruhusiwa kusogea hadi alama ya mita 4. Kipa anayesogea anafunga pembe zote za chini lakini anafungua juu. Kumwinulia mpira taratibu kipa wa namna hiyo kunahitaji ujasiri, kwa sababu akibaki kwenye mstari wake anaudaka kama zawadi, mbele ya ukumbi mzima.

Makombe ya 2017, 2018 na 2019 yalipatikana katika kipindi hiki. Wakosoaji husema makombe hayo ni ya Groot, Oftedal, Amorim na Grimsbø, na kwamba Görbicz alikuwa na dakika chache. Kwa dakika, ni kweli. Lakini klabu yenye wapangaji watatu wa daraja la dunia huvunjika kwanza kwenye chumba cha kubadilishia nguo, na huvunjika kutokana na yule aliyekuwepo kabla ya wengine. Akinuna yeye, mashabiki wanagawanyika, kocha anapangiwa timu na magazeti, na mgeni anafungasha. Győr haikuvunjika. Ilikwenda fainali 4 mfululizo na kushinda 3, na katika zile 3 hakuna hata moja iliyopita bao 1. Tofauti ya bao 1 ni ndogo sana. Penalti moja tu aliyofunga mwanamke wa miaka 35 anayengoja benchi inatosha kuijaza, na mimi sioni kwa nini bao hilo lihesabiwe chini ya lile alilofunga akiwa na miaka 22.

Mwaka 2020 korona ilifuta hatua ya mwisho ya Ligi ya Mabingwa na hakukuwa na bingwa. Mei 2021, Budapest, Győr ilitolewa nusu fainali na Brest ya Ufaransa, kwa penalti za mita 7, na ikashinda mechi ya nafasi ya tatu dhidi ya CSKA ya Moscow. Hapo ndipo Görbicz alipomaliza, kisha akaingia kwenye uongozi wa klabu hiyohiyo. Hungaria ilisubiri hadi 2024 kupata tena medali ya Ulaya, shaba, miaka 12 baada ya ile ya mwisho ambayo yeye alikuwemo.

Kwa hiyo namweka wapi? Kama mfungaji, chini ya Neagu. Kama mchezaji wa taifa, chini ya Kitić na Andersen, na pengo la 2012 na 2016 sitalifuta. Kama mpangaji mchezo wa klabu, katika nafasi inayoamua kila mwenzako ataupata mpira wapi na lini, simwoni aliyemzidi katika miaka 20 ile, na Groot na Oftedal nawahesabu humohumo.